Mlango wa Majivu

Nilichota majivu ya jikoni, kata mbili,
nikayamwaga kwa mstari juu ya kiwanja
alichoniachia baba nyuma ya soko la Konde.
Hatua kumi na moja kwenda, saba kuingia ndani.
Hapa ukuta. Hapa ukuta.
Hapa nikaacha nafasi ya kupita mtu na gunia:
mlango.

Kisha nikaingia.

Shemegi yangu Shaame alikuja kunisalimu,
akakatisha moja kwa moja hadi niliposimama.
Nikamwambia, yakhe, umepita ukutani.
Akaitazama miguu yake, ina majivu hadi kifundoni,
akacheka, akaenda kuwaambia wa barazani
kuwa Kazija wa marehemu Faki
anauza mikate ya hewa.

Sikumlaumu. Mwanzo hata mimi sikujua nauza nini.
Wakiniuliza nilisema: nataka maendeleo.
Nilisema: nataka biashara.
Maneno makubwa, kama magunia ya usufi:
mtoto anabeba matatu.

Lililonifunza ni jamvi la karafuu.
Msimu ule nilichambua za watu kwa pishi,
usiku, kwa taa ya simu, vidole vimeiva rangi,
karafuu huku, makonyo kule,
na akili nayo ikashika mwendo wa vidole.
Hoteli? Makonyo.
Duka la simu, kama la mtoto wa Bi Mgeni? Makonyo.
Gari?
Nikasita kidogo. Makonyo.
Boflo la moto saa kumi na moja alfajiri,
ganda linalolia ukilibana:
hilo nikalishika, halikurudi jamvini.

Basi kila nikitoka kusali
nafumba macho katikati ya majivu.
Kushoto tanuri. Nalipita kwa mbali lisiniunguze.
Kulia meza ndefu ya mfenesi, na Mize wangu
ana unga hadi kwenye nyusi.
Nje nasikia watu wanakohoa,
wanasogeza champali, foleni inasonga.

Siku ya arubaini hivi nikaona kilichonitisha.
Mikono inapokea mikate dirishani,
mikono mingi,
na hakuna hata mmoja wenye pesa.
Nilikuwa nimeona kila kitu,
hadi maua ya kitambaa cha kufunikia,
sikuona bei.

Nikalitafuta daftari la Mize, la hesabu,
kurasa za nyuma.
Unga. Hamira. Mafuta. Umeme.
Na umeme ukikatika?
Nikafumba tena, makusudi, nikazima taa.
Unga umeumuka, tanuri limepoa,
watu wanaondoka mmoja mmoja bila kuniambia neno.
Nikakaa humo gizani, sikutoka,
mpaka pembeni nikaiona mofa ya udongo ya bibi yangu
na kuni zimepangwa.
Nikaongeza mstari wa majivu.

Masika ikafuta yote. Nikachora upya.
Ikafuta. Nikachora,
safari hii bila kupima, miguu ilishajua.

Afisa wa mikopo alikuja, kijana,
faili kalibana kwapani.
Mradi wenyewe uko wapi, mama?
Nikamwambia: pitia huku, hapo ni ukuta.
Nikampitisha mlangoni. Nikamtajia
kila mfuko na bei yake,
kila siku ya faida na mbili tatu za hasara.
Hakuandika kitu. Alitikisa kichwa tu,
sikujua ni cha ndiyo au cha joto.
Lakini alipokuwa anatoka niliitazama miguu yake.
Aliizunguka meza.

Leo kuna kuta mbili na nusu.
Zimepungua hatua moja kuliko za majivu,
matofali hayakufika.
Mlango uko Wete kwa seremala,
unangoja nimalize deni.

Mimi naufungua kila alfajiri.
Kitasa kiko kulia. Unakwama kidogo,
lazima uusukume kwa bega.